Dondoo muhimu: Kuunda mabawa ya ndege nyumbani

Seti ya ndege ya alumini ikifika uani kwako, usikimbilie kupiga ribiti. Zingatia haya:

1. Wasiliana na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA) kabla ya kununua seti, si baada ya kumaliza kazi.
2. Pima mlango na geti. Bawa la ndege ya viti viwili huweza kuzidi mita 3, na halikunjwi kama godoro.
3. Weka alama kwa kalamu ya wino. Penseli ya kawaida huchochea kutu kwenye alumini.
4. Panga mbavu za kushoto na za kulia mezani kabla ya kutoboa, usije ukapata mabawa mawili ya kushoto.
5. Lainisha ukingo wa kila tundu; mkwaruzo mdogo huzaa ufa.
6. Hakikisha kwa timazi kuwa bawa halijajipinda kabla ya kulifunga.
7. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, inua mabati juu ya mbao, mbali na sakafu yenye unyevu.
8. Piga picha kila hatua. Mkaguzi haoni ndani ya bawa lililofungwa.

Ribiti iliyokaa vibaya itoe leo. Angani hakuna gereji.