Ritifaa ya Jina na Usalama wa Faili la Mgonjwa

Mama mjamzito anafika kwenye dirisha la masijala. Jina lake la ukoo ni Nyang'oro. Karani analiandika kama lilivyo kwenye kadi ya kliniki, anabonyeza kitufe cha kutafuta, na kompyuta inajibu kuwa kuna hitilafu. Foleni ni ndefu. Karani anaifuta ile alama ndogo, anaandika Nyangoro, na safari hii kompyuta inasema mgonjwa huyo hayupo. Basi anafunguliwa faili jipya. Faili lake la zamani, lililosajiliwa wodini kupitia programu nyingine, lina maelezo kwamba penisilini ilimletea mzio mkali. Leo hakuna atakayelifungua.

Tukio hili ni la mfano tu, lakini chanzo cha hitilafu yenyewe ni halisi. Majina yetu mengi yana ritifaa: Ng'wandu, Mang'enya, Nyang'oro. Katika SQL, lugha inayotumika kuuliza kanzidata nyingi za hospitali, alama hiyohiyo huonyesha mahali maneno yanapoanzia na yanapoishia. Programu iliyoandikwa bila uangalifu huchukua alichoandika karani na kukibandika ndani ya amri:

SELECT namba, mzio FROM wagonjwa WHERE jina = 'Nyang'oro'

Kompyuta husoma kwamba jina ni Nyang, kisha hukutana na "oro", neno ambalo si amri inayoijua, ikakwama.

Kukwama huko ni afadhali. Ufa uleule unaomzuia mama huyu kupata faili lake humfungulia mwingine mafaili ya watu wote. Mtu akiandika kwenye kisanduku cha jina maneno ' OR '1'='1, amri nzima hugeuka kuwa: nipe wagonjwa wasio na jina, au wote iwapo moja ni sawa na moja. Kwa kuwa moja ni sawa na moja siku zote, orodha yote hutoka. Mbinu hii ilielezwa hadharani tangu mwaka 1998, na dawa yake inajulikana vizuri.

Dawa hiyo ni ulizo lenye vigezo. Mtunzi wa programu huandika amri kamili na kuacha nafasi wazi:

SELECT namba, mzio FROM wagonjwa WHERE jina = ?

Amri huifikia kanzidata ikiwa peke yake, na jina huletwa kando kama kigezo. Fikiria fomu ya maabara iliyokwisha kuchapishwa. Mtu akiandika "pima na sukari" kwenye mstari wa jina, mtaalamu wa maabara hatapima sukari. Atashangaa tu kwamba kuna mgonjwa mwenye jina hilo. Vivyo hivyo, kilicholetwa kama kigezo hubaki kuwa jina, hata kiwe na ritifaa kumi. Wapo wanaopendelea kuifuta ritifaa kabla ya kutafuta. Hilo silikubali: ni kumbadilishia mtu jina ili kuficha udhaifu wa programu. Ifahamike pia kwamba kigezo hubeba thamani tu, yaani jina, tarehe au namba. Hakiwezi kubeba jina la jedwali wala la safu; hayo lazima yachaguliwe kutoka orodha aliyoiandika mtunzi mwenyewe.

Hata hivyo, ulizo salama linaweza kumwonyesha mtu asiyehusika mambo mengi kupita kiasi. Karani wa foleni anahitaji namba, jina na chumba; majibu ya kipimo cha VVU hayamhusu. Hapa hutumika mwonekano, ambao ni ulizo lililohifadhiwa kwa jina na kusomwa kana kwamba ni jedwali:

CREATE VIEW foleni AS SELECT namba, jina, chumba FROM wagonjwa

Mwonekano peke yake haulindi chochote. Ulinzi huja pale karani anapopewa haki ya kusoma foleni na kunyimwa haki ya kusoma jedwali la wagonjwa. Nusu hii ya pili husahaulika mara nyingi, na pengine ndiyo swali la kwanza ambalo mganga mkuu angemuuliza fundi wake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti.

Fanksheni nayo ni hesabu iliyohifadhiwa ndani ya kanzidata, ili kila chumba kitumie hesabu moja. Tuseme siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho ilikuwa 20 Mei 2025. Anayeongeza siku 280 hupata tarehe ya makadirio ya kujifungua 24 Februari 2026. Anayeongeza siku saba na kurudi nyuma miezi mitatu hupata 27 Februari. Njia zote mbili hutumika, lakini mama mmoja hapaswi kuwa na tarehe mbili kwa sababu tu alipita vyumba viwili. Wataalamu wa uzazi wakubaliane njia moja, iandikwe kwenye fanksheni, na ikibadilika ibadilishwe hapo tu. Fanksheni ikiunda amri ndani yake kwa kubandika maneno, ufa ule wa masijala hurudi kwa mlango wa nyuma.

Mhudumu wa afya anaweza kuipima programu yake bila kujua SQL: atafute jina lenye ritifaa. Hitilafu ikitokea, asiifute alama hiyo. Aandike saa na ukurasa, amwarifu fundi, kisha amtafute mgonjwa kwa namba ya faili au tarehe ya kuzaliwa kabla ya kufungua faili jipya. Nawe mgonjwa, ukiambiwa hupo kwenye kompyuta ilhali uliwahi kutibiwa hapo, onyesha kadi yako ya zamani, na umtajie mhudumu dawa iliyowahi kukudhuru.