Somo kwa Wamama: Kujenga Mwili Wenye Nguvu Pande Zote



Siku ya kupima watoto kilo, wamama wa Naviundu wanaleta maulizo mengi. Mumoja anasema, "Mama munganga, mugongo inaniuma, nifanye nini?" Mwingine anangoja wenzake watoke kwanza, kisha anasema kwa sauti ya chini kwamba akikohoa ao akicheka, mukojo unatoka kidogo. Wa tatu anaonyesha tumbo ambalo limebaki kulegea tangu alizaa. Mara nyingi taabu hizi tatu zina mzizi mumoja: misuli fulani inafanya kazi kupita kiasi, na mingine imelegea. Somo hili linafundisha ginsi ya kuitia yote nguvu.

1. MISULI NI NINI?

Misuli ni nyama inayoshikamana na mifupa na kuivuta ili mwili utembee. Kunja mukono wako sasa. Musuli wa mbele unajikaza, na ule wa nyuma unaachilia. Nyosha mukono: wa nyuma unajikaza, wa mbele unaachilia. Wanafanya kama watu wawili wanaokata muti kwa musumeno mumoja. Kama mumoja ana nguvu na mwenzake ni zaifu, kazi itaenda pembeni.

Kuna vilevile misuli ambayo hauione. Katikati ya miguu, chini kabisa, imetandikwa kama kitanda cha kamba. Kitanda hicho kinabeba kibofu, tumbo la uzazi na sehemu ya mwisho ya matumbo. Wakati wa mimba kinabeba mutoto pia, na siku ya kuzaa kinapanuka sana. Kikibaki kulegea, mukojo unatoroka.

2. JE, KAZI YA NYUMBA HAITOSHI?

Utasema, "Mimi ninafanya kazi tangu asubui, nguvu ninayo." Ni kweli. Bidoni ya litre 20 ikijaa maji ina kilo 20. Ile ya litre 25 ina kilo 25. Mutu ambaye anaibeba kila siku si mutu zaifu.

Lakini angalia kazi zako. Unainama juu ya jembe, unainama juu ya beseni ya nguo, unainama juu ya mbabula. Mutoto iko mugongoni, ao iko kwenye ziwa, na mabega yako yanaenda mbele. Hivi misuli ya mugongo inavutwa siku nzima, na ile ya tumbo haiitwi kazini. Mutu anaweza kubeba bidoni na bado kuwa na mugongo unaouma.

3. MAZOEZI SI YA VIJANA TU

Watu wengi wanawaza kwamba kuinua vizito ni kazi ya vijana wanaotaka kifua kikubwa. Lakini mwaka wa 1945, munganga wa jeshi la Marekani, Thomas DeLorme, aliandika ginsi alivyotumia vizito kwa askari wenye miguu iliyozoofika juu ya kuumia. Alianza na uzito mudogo, kisha akaongeza polepole, na misuli ikapata nguvu tena. Mwaka wa 1948, munganga mwingine wa Marekani, Arnold Kegel, alitoa mazoezi ya ile misuli ya chini kwa ajili ya wamama. Yanafundishwa mpaka leo. Na katika mashauri yake ya mwaka wa 2020, Shirika la Afya Ulimwenguni (OMS) lilisema kwamba watu wazima wafanye mazoezi ya kutia misuli nguvu siku 2 ao zaidi kila juma.

Usiogope kufanana na mwanaume. Homoni inayofanya misuli ya wanaume kuwa minene sana, mwanamuke iko nayo kidogo tu. Usiogope vilevile juu ya maziwa: mazoezi ya kiasi hayakaushi maziwa ya mama.

4. MAZOEZI SITA

Tandika mukeka. Tembea ao cheza mahali pamoja dakika 5 ili mwili upate moto. Usifunge pumzi: toa hewa wakati unajikaza.

La kwanza: misuli ya chini. Jikaze ndani kama mutu anayezuia hewa isitoke. Hesabu mpaka 5, achilia, hesabu tena mpaka 5. Fanya mara 10, asubui, muchana na mangaribi. Unaweza kulifanya ukinyonyesha, hakuna mutu atakayejua. Lakini usilifanye ukiwa unakojoa. Fanya kila siku kwa miezi 3. Usiache katika juma la pili kwa sababu haujaona matunda.

La pili: tumbo. Lala chali, magoti juu. Toa hewa na vuta kitovu kuelekea mugongo. Hesabu mpaka 5. Mara 10.

La tatu: makalio na mugongo. Lala vilevile, kaza makalio, inua kiuno, kisha teremusha polepole. Mara 10.

La ine: mapaja. Kaa juu ya kiti, simama bila kujisaidia na mikono, kaa tena polepole. Mara 10.

La tano: kifua na mikono. Simama mbele ya ukuta, weka mikono juu yake, kunja viwiko mpaka kifua kikaribie ukuta, kisha jisukume nyuma. Mara 10.

La sita: mabega ya nyuma. Shika chupa ya litre moja ya maji katika kila mukono; kila moja ina kilo moja. Inama kidogo, mugongo ukiwa wima kama ubao, vuta viwiko kuelekea nyuma. Mara 10. Zoezi hili linalipa deni la kuinama kwote kwa siku.

Zoezi la kwanza ni la kila siku. Haya mengine ufanye siku 2 ao 3 kwa juma, na siku moja ya kupumzika katikati. Ikiwa mara 10 inakuwa rahisi, fanya 15. Kisha tafuta chupa kubwa zaidi. Usipande ngazi mbili kwa mara moja.

Kama umezaa bila shida, anza zoezi la kwanza na la pili polepole siku chache kisha kuzaa, kama hausikii maumivu. Mengine yangoje mpaka munganga akupime kisha juma 6. Kama ulipasuliwa, usiinue kitu kizito kuliko mutoto wako mpaka munganga akupe ruhusa. Bwana na watoto wakubwa wachote maji. Kama hakuna mutu, jaza bidoni nusu na uende mara mbili.

Chunguza tumbo lako. Lala chali, inua kichwa kidogo, gusa juu ya kitovu. Kama vidole zaidi ya viwili vinaingia katikati ya misuli, ao tumbo linatoka kama kilima, usifanye mazoezi ya kuinuka na kifua chote. Endelea na la kwanza na la pili, na uonyeshe munganga.

5. CHAKULA NA USINGIZI

Misuli haijengwi wakati wa mazoezi. Inajengwa kisha, wakati mwili unapumzika na kupata vifaa. Bukari inatia moto wa kazi, lakini haitoshi kujenga nyama. Ongeza maharagi, soya, karanga, ndakala, mayai ao viwavi vilivyokaushwa. Bukari na maharagi zikiliwa pamoja, kila moja inaleta kitu ambacho mwenzake haina. Sombe iliyopikwa na karanga ni chakula kizuri. Mama anayenyonyesha anahitaji chakula zaidi. Asingoje mabaki ya sufuria. Na mutoto akilala muchana, lala naye hata kidogo.

6. DAWA ZA KUNENEPA

Wamama wengine na wasichana wanakunywa vidonge ili wapate mashavu na makalio haraka. Kimoja kinaitwa dexamethasone. Ni dawa ya kweli, wanganga wanaitumia kwa magonjwa makubwa. Lakini ukiikunywa siku nyingi bila munganga, uso unavimba, sukari na presha ya damu vinaweza kupanda, mifupa inalegea. Na angalia jambo hili: misuli ya mikono na mapaja inapunguka! Macho yanaona unene, lakini nguvu inakimbia. Kama umekwisha kuikunywa kwa muda murefu, usiiache gafula, kwa maana mwili unaweza kuanguka vibaya. Njoo tuseme; hatutakucheka.

7. USINGOJE, KUJA KU HOSPITALI

Kuja haraka kama:
– mukojo unatoka wakati wote, zaidi sana kisha uchungu murefu wa kuzaa;
– unasikia kitu kinashuka chini;
– damu inatoka sana, ao unapata homa;
– mugongo unauma na muguu unakufa ganzi.

Mukojo unaotoka bila kukoma unaweza kuwa fistula. Mazoezi hayaifungi, inahitaji kupasuliwa, na wamama wengi wanapona. Hospitali ya Panzi kule Bukavu, iliyoanzishwa mwaka wa 1999 na Munganga Denis Mukwege, inajulikana sana kwa kazi hiyo. Si laana, na si jambo la kuficha.

MAULIZO YA KUJIFUNZA

1. Kwa nini mama anayebeba bidoni kila siku anaweza kuwa na mugongo zaifu?
2. Ni zoezi gani linalofaa kufanywa kila siku, na kwa miezi mingapi?
3. Sema vyakula vitatu vinavyojenga misuli ambavyo viko ku soko lenu.
4. Kwa nini dexamethasone haileti nguvu?

Chukua karatasi hii nyumbani, usome pamoja na bwana yako. Anza leo mangaribi na zoezi la kwanza: mara 10 tu.