Mahali pa Kuficha Alamu ya Gari la Kikundi



Somo letu la leo linahusu kitu kidogo kilicholeta machozi makubwa: alamu ya gari. Vikundi kadhaa vya upande huu wa Changamwe vilianza na kuku na mandazi, na sasa vina pikapu, matatu au tuktuk. Hiyo ni hatua. Lakini gari ni mali inayoweza kupotea kwa usiku mmoja, na jasho la miaka likaenda nalo.

LENGO LA SOMO: Kila mwanakikundi ajue sehemu za alamu, mahali pa kuzificha zinapofungwa, na ni nani washike siri hiyo.

KISA CHA KUANZIA

Kikundi kimoja cha Mikindani tulichofanya kazi nacho kilichanga miaka mitatu, kikanunua pikapu kuukuu ya kubebea mboga. Siku ya kufunga alamu, mwenyekiti alimwuliza fundi, "Mwanangu, hii itatufaa kweli?" Fundi akabonyeza rimoti, king'ora kikalia mtaa mzima. "Mama, hiyo hata kiziwi ataisikia!" Watu wakacheka, wakapiga makofi, wakalipa.

Wiki chache baadaye gari liliondoka usiku, kimya kabisa. Lilikutwa Mazeras, halina betri wala magurudumu. Tulipolikagua na fundi mwingine, mambo yalikuwa wazi. King'ora kilikuwa kimefungwa mbele, nyuma ya bampa, mahali ambapo mkono ukipita kwa chini unakifikia. Waya wake ulikuwa umekatwa. Kisanduku cha alamu kilikuwa kinaning'inia chini ya usukani. Mwizi hakuhitaji ujuzi, alihitaji koleo tu.

Hasara ya pili ilizidi ya kwanza. Siku ile ya kufunga, kila mtu alikuwa pale akiangalia waya zinapopita. Kwa hivyo kila mtu alimshuku mwenzake. Dereva akaitwa mwizi mbele ya watoto wake, na hakuna aliyekuwa na ushahidi. Kikundi kikavunjika.

TUNAJIFUNZA NINI?

Alamu ina kazi mbili: kuita watu, na kuzuia injini isiwake. Tukinunua kelele peke yake tumenunua nusu. Uingereza, kuanzia Oktoba 1998, magari mapya yalitakiwa kutoka kiwandani yakiwa tayari na kifaa cha kuzuia injini. King'ora hulia, watu wakazoea, wakageuka upande wa pili wakalala.

Mwizi anashindana na saa. Tukimfanya atafute, tumemshinda. Basi tuangalie sehemu moja moja.

1. Kisanduku kikuu. Hiki ndicho akili ya alamu. Kisiwekwe chini ya usukani, maana hapo ndipo mwizi anaingiza mkono kwanza. Kifungwe ndani sana, juu nyuma ya dashibodi, mahali ambapo ni lazima ufungue vitu kadhaa ndipo ukifikie. Waya zake ziingie kwa upande wa chini, ili maji yakivuja yasifuate waya hadi ndani. Kisizungukwe na chuma pande zote, la sivyo rimoti haitasikika.

2. King'ora. Kikae chini ya boneti, mbali na joto la ekzosi, mahali ambapo mkono haufiki kutoka chini wala mbele. Mdomo wake uelekee chini ili usikusanye maji. Ikiwezekana, nunueni kile chenye betri yake ndani. Betri ya gari ikikatwa, chenyewe kinaendelea kulia.

3. Kikata umeme. Hii ndiyo siri kubwa. Mwambieni fundi akiweke kwenye waya wa stata, ili gari lisiwake tu. Kikiwekwa mahali pa kuzima injini inayokimbia, kikiharibika gari litazimika mbele ya trela kwenye barabara kuu ya Nairobi. Waya zake zipitishwe ndani ya fungu la waya za zamani na kuzungushiwa tepu inayofanana na ile ya kiwandani. Waya mpya wa rangi inayong'aa ni kama kumwonyesha mwizi njia.

4. Kifaa kinachosikia mtikiso. Kifungwe kwa skrubu kwenye bodi, karibu na katikati ya gari. Kikining'inia, kitalia kila lori likipita, na mwishowe mtazima alamu yote kwa kuchoka.

5. Taa ndogo nyekundu. Hii msiifiche! Iwekwe juu ya dashibodi, mwizi aione akiwa nje.

6. Kifaa cha kufuatilia gari. Kikiwepo, kifichwe mbali na kisanduku cha alamu, ili kimoja kikipatikana kingine kibaki. Kisifunikwe na chuma kwa juu, maana kinapokea mawimbi kutoka angani.

Tuktuk haina maficho mengi. Fundi atafute mahali pasipopata maji ya mvua, na usiku mwongeze mnyororo.

MAMBO YA HATARI

Betri ifunguliwe kabla ya kazi. Waya zisipite karibu na pedali wala mahali usukani unapozunguka. Gari likiwa na mifuko ya hewa, fundi asiguse waya zake, ambazo mara nyingi huwa za manjano. Waya wa moto uwe na fyuzi karibu na betri. Tena huku kwetu pwani hewa ina chumvi: viungo vya waya vichomewe kwa risasi na kufunikwa vizuri. Waya uliosokotwa kwa vidole tu utaota kutu ya kijani, na alamu itakufa bila kuaga.

NANI AJUE?

Wahenga walisema, siri ya mtungi aijuaye kata. Tunashauri watu watatu tu: mwenyekiti, mweka hazina na dereva. Mmoja wao asimame na fundi tangu mwanzo hadi mwisho. Mahali pa vifaa paandikwe kwenye karatasi, iingizwe kwenye bahasha iliyofungwa na kuwekwa pamoja na logibuku. Rimoti zihesabiwe na kuandikwa daftarini. Dereva akiondoka, siri ihamishwe. Huku si kumdharau mwanachama yeyote. Asiyejua hawezi kushukiwa, na kwa njia hiyo tunamlinda.

Mwisho, gari likinyang'anywa kwa silaha, dereva atoe funguo bila kubishana. Gari hununuliwa, roho hainunuliwi. Kisha kimbieni polisi mkapate nambari ya OB. Na mkumbuke, bima ya kulinda watu wengine tu hailipi gari likiibwa.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Katika kisa chetu, ni nini kilichovunja kikundi: wizi, au kushukiana?
2. Ni watu wangapi leo wanajua mahali alamu yetu ilipo? Je, walichaguliwa, au ilitokea tu?
3. Dereva wetu akiacha kazi kesho, tutafanya nini siku hiyo hiyo?

KAZI YA WIKI: Wale watatu wafungue boneti mchana, wapitishe mkono chini ya bampa. Wakikifikia king'ora, hata mwizi atakifikia.