Sonona kwa Mgonjwa Aliyebakiza Siku Chache

Frateri anayetumwa hospitalini hufundishwa kumsikiliza mgonjwa, kusali naye na kumwandaa kwa Kitubio, Mpako wa Wagonjwa na Komunyo. Jambo moja husahaulika: mgonjwa wa saratani aliyegeukia ukutani huenda ana ugonjwa wa pili, yaani sonona, nao hutibika.

Kuitambua si rahisi. Kukonda, uchovu na kukosa hamu ya kula havitusaidii, kwa kuwa saratani yenyewe huleta hayo yote. Mwenye huzuni ya kawaida hulia, lakini mjukuu akiingia hutabasamu. Mwenye sonona hafurahii chochote. Hujiona mzigo, asiye na thamani, aliyeadhibiwa na Mungu. Mwulize waziwazi kama huzuni humwelemea karibu kila siku. Swali hilo halimdhuru.

Hapo wengi wetu hukimbilia kuhubiri. Ni kweli Katekisimu (2091) inataja kukata tamaa kuwa dhambi dhidi ya tumaini, lakini dhambi ya mauti hudai ridhaa kamili, na sonona huidhoofisha. Mahubiri yetu yaweza kumzidishia hatia asiyostahili.

Haraka inatoka wapi? Dawa za kawaida za sonona, kama fluoksetini, huchukua wiki 2 hadi 6 kuleta nafuu. Aliyebakiza wiki tatu huenda asiione. Kwa hiyo daktari hutuliza kwanza maumivu na kuhakikisha mgonjwa hajachanganyikiwa akili, hali inayofanana sana na sonona. Kisha aweza kutumia methilfenideti, ambayo ikimfaa mgonjwa huonyesha matokeo ndani ya siku chache. Hutolewa asubuhi na mchana ili isimnyime usingizi, na mwenye ugonjwa wa moyo huangaliwa sana. Ketamini, dawa ya usingizi ya upasuaji, yaweza kuinua moyo ndani ya saa chache, ila nafuu yake haidumu na huhitaji uangalizi wa karibu. Ushahidi kwa wanaokaribia kufa bado ni mdogo.

Kimaadili hakuna kikwazo: tiba hii haiharakishi kifo wala haikirefushi, na Katekisimu (2279) inahimiza huduma shufaa.

Basi ukiona dalili, omba ruhusa ya mgonjwa, umwarifu muuguzi siku hiyo hiyo, usingoje ziara ya wiki ijayo. Padre aliyezisikia katika Kitubio hawezi kumwambia yeyote. Amsihi mgonjwa, palepale, amweleze daktari kwa kinywa chake mwenyewe.