Kuvu la Dawa na Kuvu la Sumu

Wako watu wanaosema hivi: kwa kuwa penisilini ilitoka katika kuvu, basi mkate wenye kuvu si mbaya, na kuvu likipakwa juu ya kidonda litakiponya. Neno hilo nusu yake ni kweli. Nusu ya pili yaweza kuua mtu.

Ni kweli kwamba penisilini ni mtoto wa kuvu. Mwezi wa Septemba 1928, munganga Alexander Fleming wa hospitali ya St Mary's, London, aliona kuvu limeingia katika kisahani alimofuga mikrobe, na mikrobe za kandokando yake zimekufa. Lakini kuvu lile lilitoa dawa kidogo mno. Howard Florey, Ernst Chain na Norman Heatley wa Oxford walihitaji kama litre 2.000 za maji ya kuvu ili kumtibu mtu mmoja tu. Februari 1941 walimpiga sindano polisi mmoja ambaye mikrobe zilikuwa zimeenea mwilini mwake. Homa ikashuka, akaanza kula. Walikusanya hata mkojo wake ili kuokota dawa iliyotoka nao na kumrudishia. Dawa ikaisha, na mwezi wa Machi polisi akafa.

Namna gani basi kulifanya kuvu litoe dawa nyingi? Jibu lilitoka kwa mahindi. Julai 1941 Florey na Heatley walivuka kwenda Marekani, wakafika Peoria, katika nchi ya mashamba ya mahindi. Kule viwanda hulowesha mahindi, na maji yanayobaki ni mazito, yenye nguvu ya chakula. Andrew Moyer alililisha kuvu maji hayo pamoja na sukari ya maziwa, na dawa ikaongezeka zaidi ya mara kumi. Mbona sukari ya maziwa? Kwa sababu kuvu huila polepole. Ukilipa sukari nyepesi kwa wingi, linashiba, linanenepa, wala halitoi dawa! Siku hizi viwanda hulipa sukari nyepesi, lakini kwa matone, kidogo kidogo, lisishibe.

Tena kuvu lataka hewa. Kwanza lilifugwa katika chupa, likaota juu ya maji kama ngozi juu ya uji uliopoa. Baadaye likatiwa katika matangi marefu, hewa ikasukumwa kutoka chini na mashini ikikoroga. Ninyi mnaoshuka chini ya ardhi mwajua kazi ya ventilateri. Kuvu nalo ni hivyo hivyo. Kiwanda cha Pfizer kule Brooklyn kilianza na matangi makubwa ya namna hiyo Machi 1944.

Ikabaki mbegu. Mwaka 1943, kule Peoria, tikiti moja lilileta kuvu bora kuliko lile la Fleming. Wazao wake walipigwa mionzi, wakachaguliwa wale wenye kuzaa zaidi, kama mkulima achaguavyo mbegu. Leo litre moja ya tangi yaweza kutoa zaidi ya gramu 40.

Mama anayepika munkoyo anaelewa mambo haya bila kufundishwa: joto likizidi au chungu kikiwa kichafu, kazi yote imeharibika. Katika kiwanda joto hushikwa karibu na digri 25, na mwishoni dawa huchujwa, husafishwa na kupimwa.

Sasa tazama kuvu la nyumbani. Nani alilichagua? Nani alilisafisha? Juu ya mahindi na kalanga zilizowekwa na unyevu huota kuvu jingine, linalotoa sumu iitwayo aflatoksini. Sumu hiyo hula ini, na baada ya miaka yaweza kuleta kansa. Mwaka 2004, mashariki ya Kenya, watu 317 waliugua kwa mahindi ya namna hiyo, na 125 wakafa. Kupika bukari hakuiondoi. Basi anikeni mahindi na kalanga mpaka zikauke kabisa, wekeni mifuko juu ya mbao, si juu ya udongo, na kalanga iliyosinyaa au yenye uchungu itupwe. Kuku nao wasipewe: mwaka 1960, Uingereza, bata mzinga zaidi ya 100.000 walikufa kwa kulishwa unga wa kalanga wenye sumu hiyo.

Kidonda kioshwe kwa maji safi na sabuni, kifunikwe, na aliyeumia aende dispanseri siku ile ile, maana pepopunda haingoji.

Na penisilini ya sokoni, vidonge viwili vitatu katika karatasi? Fleming mwenyewe, alipopokea zawadi ya Nobel mwaka 1945, alionya kwamba dawa kidogo isiyotosha huzifundisha mikrobe kuizoea. Ichukue kwa munganga, kwa kipimo na kwa siku alizosema.

Aliyewahi kuvimba uso, kuwashwa mwili au kukosa pumzi baada ya penisilini amwambie munganga kabla ya sindano nyingine, hata kama ni jambo la miaka mingi iliyopita.