Maji Yanayopotea Njiani

Likizo iliyopita nyumbani Mtawanya, Kibiti, mjomba alilalamika kwamba wenzake wa juu wanamwibia maji ya bustani. Nikaenda kupima kijito, sehemu mbili ambazo katikati yake hakuna pampu wala kijito kingine kinachoingia.

Unadondosha chungwa majini na kuhesabu sekunde kwa mita 10. Rudia mara tatu, chukua wastani. Kasi izidishe kwa 0.8, maana maji ya juu hukimbia kuliko ya chini. Kisha zidisha kwa upana na kina.

Juu: mita 10 kwa sekunde 20 ni 0.5, mara 0.8 ni 0.4. Upana mita 1, kina 0.2: lita 80 kwa sekunde. Chini nikapata 60. Robo imepotea!

“Kumbe mwizi ni mchanga,” mjomba akasema. Mizizi na jua navyo vina fungu lao.

Dar hutumia maji yanayoletwa kutoka Mto Ruvu. Siku tukiyasafisha na kuyapitisha kijitoni yatumike tena, tusimwahidi mkulima lita zote tulizomwaga. Colorado Springs, Marekani, hukata kwanza upotevu wa Fountain Creek. Nasi tupime, masika na kiangazi, ndipo tugawane.