Vipimo viwili, kano moja

*Daktari, kano ya kisigino changu ilipimwa kwa altrasaundi Mbarara: unene wa milimita 6. Miezi miwili baadaye, kliniki nyingine hapo hapo mjini ikasema 7, ingawa maumivu yamepungua. Je, inaharibika? Msomaji, Nakivale*

Pole, ndugu yangu. Milimita 1 isikutishe. Mpimaji akiinamisha kifaa kidogo tu, au akipima juu zaidi, namba hubadilika. Mimi huamini zaidi maumivu yanavyokwenda. Kabla ya kulipa nauli tena, tafuta mpimaji yule yule, apime miguu yote miwili, kila mmoja mara tatu. Wakati huo fanya zoezi la kuinua visigino polepole. Ukisikia mlio wa ghafla ukashindwa kusimama kwa vidole, nenda Hospitali ya Rufaa ya Mbarara siku hiyo hiyo.